Mstari wa jela msiufanye mstari wa kaburi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum, na kwa wasio wa dini yangu, salaam kutoka Ujiji.

Ukurasa wako wa barua umekuwa na mabishano marefu juu ya jambo moja: uhai wa mtu unaanza lini kabla hajazaliwa? Mmoja kasema tangu mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama. Mwingine kasema siku 120, si pungufu. Wa tatu, naona ni mwanasheria, kasema mtu ni mtu akishatoka tumboni. Wa nne katuletea Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kutuonyesha kwamba majirani wameshamaliza kazi. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Kwa majina yao waandishi wote ni wanaume. Sisemi wanyamaze. Nasema tu hakuna hata mmoja anayeonekana kuwahi kuulizwa swali hili huku kikombe cha maji ya uvuguvugu kiko mkononi.

Mimi ni mwosha maiti. Naosha wanawake na watoto, kazi niliyofundishwa na shangazi yangu, naye alifundishwa na mama mkwe wake, mtu wa wazee wa Kimanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa. Kwangu swali hili huja limefungwa kwenye khanga, limebebwa na nyanya mtu au na baba mwenyewe, na linataka jibu kabla ya adhuhuri: Bibi, huyu anaoshwa? Anakafiniwa? Anaswaliwa? Au tumzike hivi hivi?

Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, jibu lilipangwa zamani. Aliyetoka akalia, au akapumua, au akajitikisa kwa namna ya mwenye uhai, huyo ana haki zote za maiti: josho, sanda, swala, kaburi. Aliyetoka kimya lakini ametimiza miezi minne, au umbo la mtu limeshaonekana, anaoshwa, anakafiniwa na kuzikwa, ila haswaliwi. Aliye chini ya hapo hakuna linalolazimu, ila ni vizuri kumviringishia kitambaa na kumfukia. Wenzetu Mahanbali humswalia wa miezi minne hata akitoka kimya, na sijasikia mtu akiwatoa katika Uislamu kwa hilo.

Miezi minne hiyo imetoka kwenye hadithi ya Mtume aliyoisimulia Abdullah bin Masud, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi: siku 40 tone, 40 nyingine pande la damu, 40 nyingine pande la nyama, kisha malaika anatumwa kupuliza roho. Yule msomaji wa siku 120 ameitaja vizuri. Ila ameacha kwamba Muslim huyo huyo amepokea nyingine, ambamo malaika anakuja baada ya siku 42 kutia sura, masikio na macho, na kwamba wanazuoni wametumia karne nyingi kuzipatanisha hizo mbili. Wala hakumtaja Imam Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu, aliyesema kuiharibu mimba ni kosa tangu mwanzo wake, lakini ukubwa wa kosa unapanda daraja kwa daraja kadiri mimba inavyokua, na daraja la juu kabisa ni baada ya mtoto kutoka akiwa hai. Kwa hiyo hata ndani ya msikiti mmoja, ndugu yangu, usitupe namba ukadhani umefunga mlango.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Natamani wanaopigania siku 120 waje wahesabu na mimi. Kadi ya kliniki haihesabu tangu siku mimba ilipotunga. Inahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki mbili nyuma, wakati mimba haipo kabisa. Basi mama ameletwa, kadi imeandikwa wiki 18. Mume anazidisha kwa saba, anapata 126, anasema siku zimepita, bibi, aoshwe. Toa 14, zinabaki 112. Bado siku nane. Na hapo ni kama mama anaikumbuka hedhi yake. Aliyekuwa ananyonyesha akashika mimba nyingine bila kuona mwezi, utaanzia wapi kuhesabu? Ultrasaundi ya mapema inasaidia, ila ya miezi ya mbele inaweza kukosea kwa wiki na zaidi.

Ndiyo maana shangazi hakunifundisha kuanza na kadi. Fungua khanga, alisema, tazama mkono. Ukiona vidole vimeachana, tia maji motoni. Na vidole huachana mapema kuliko wanavyodhani wengi: mwezi wa tatu wa kadi haujaisha, vimeshaachana. Kwa hiyo wanaokuja kwangu wakiwa na uhakika kwamba "huyu bado, hajafika siku" mara nyingi huondoka na sanda.

Wa miezi mitano analala kutoka kwenye kiganja changu hadi katikati ya kigasha. Ngozi yake ni nyembamba, ina wekundu, na ukiisugua inateleza pamoja na mkono wako. Basi hasuguliwi. Namlaza juu ya kitambaa laini ndani ya beseni, namwagia kwa kikombe maji ya majani ya mkunazi yaliyopondwa na kuchujwa vizuri, maana kipande cha jani kikibaki huganda kwenye mikunjo ya shingo na hakitoki bila kuumiza. (Najua haumii. Ndivyo tunavyosema.) Maji ya mwisho yanatiwa karafuu maiti kidogo. Kumkausha ni kumgusisha pamba tu. Sanda yake ni kipande kimoja cha bafta, na kifungo nakichana kwenye bafta hiyo hiyo, kwa sababu kamba tunazofungia wengine ni nene mno kwake. Baba anampeleka mikononi, bila jeneza, wanaume watatu wanne wakimfuata. Hakuna matanga. Jirani wa nyumba ya tatu hatajua, kwa kuwa hata mimba yenyewe hakuambiwa. Huku kwetu mimba changa haitangazwi, watu wanaogopa kijicho.

Mstari wa mirathi ni mwingine kabisa. Kuna mvuvi alifariki akaacha kipe, chombo chake cha kuvulia, injini, nyavu na taa za kuvulia dagaa. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia, mtoto hana, ana mke mjamzito na ndugu wa kiume wenye haraka. Sheikh akawaambia mimba ina fungu, subirini izaliwe. Wakasubiri, lakini kwa sura gani! Siku ya uchungu walikaa barazani, na kila mlango ulipofunguliwa lilitoka swali moja tu: amelia? Hakuna aliyeuliza mama yu hali gani. Mtoto alizaliwa wa kiume, hakulia, akapiga chafya mara moja, na baada ya kitambo kidogo akafa. Mimi niliitwa kwa ajili ya josho, na mkunga alikuwa bado anarudia ushahidi wake: amepiga chafya, nimesikia, na fulani amesikia.

Wasiojua fikihi, yaani sheria ya dini yetu, wataona ni upuuzi. Sasa hesabuni. Angetoka kimya, mjane angepata robo, sehemu 6 kati ya 24, na mashemeji 18. Kwa ile chafya mtoto alimrithi baba yake: mama akapata thumni, yaani moja ya nane, sehemu 3, mtoto 21. Mtoto alipokufa, mama yake akarithi theluthi ya hizo 21, ambazo ni 7. Jumla mjane akawa na 10, mashemeji 14. Pumzi moja ya puani ilihamisha sehemu nne kati ya 24 za injini na nyavu. Na yule wa miezi mitano niliyemwosha kwa uangalifu wote ule, mwenye vidole kumi, harithi hata uzi wa wavu. Wanazuoni waliomwekea sanda ndio hao hao waliomnyima fungu, na hawakuona kwamba wanajipinga.

Serikali nayo ina mistari yake. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kuishi, haisemi tangu lini. Kanuni ya Adhabu inasema mtoto anahesabiwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima mzima mwilini mwa mama yake akiwa hai, awe amepumua au hajapumua, kitovu kimekatwa au bado. Kanuni hiyo hiyo inamwadhibu anayetoa mimba ya mwingine kwa kifungo hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi saba, bila kuuliza mimba ina wiki ngapi. Tena ina kosa jingine, la kumuua tumboni mtoto ambaye angeweza kuzaliwa hai, na hapo wiki 28 zinachukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba angeweza. Kitabu kimoja, mistari mitatu. Mtungaji hakuchanganyikiwa, aliulizwa mambo matatu tofauti. Mtoto wa kaka yangu anayesoma sheria ndiye aliyenifungulia kurasa hizo, na alishangaa kuliko mimi.

Na Wakenya hawajamaliza. Ni kweli Ibara yao ya 26 inasema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa. Ila aliyetuletea ibara hiyo aliishia juu. Ashuke hadi kipengele cha nne: mimba inaweza kutolewa pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya tiba ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Walichora mstari mwanzoni kabisa, kisha wakarudi kumwangalia mama.

Jirani yangu ni mama wa Kiha kutoka Kasulu, mwalimu wa katekisimu, na jambo hili tumelizungumza barazani kwake tukichambua dagaa. Kwake hakuna ubishi: tangu mimba kutungwa. Lakini aliniambia mwenyewe kwamba Mtakatifu Thomas wa Akwino alimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliyehesabu siku 40 kwa mimba ya kiume na 90 kwa ya kike, na kwamba ni mwaka 1869 ndipo Papa Pius IX alipoondoa, katika adhabu za kanisa, ile tofauti ya mimba yenye roho na isiyo na roho. Tulicheka sana hapo kwenye wanawake kuchelewa kupewa roho. Halafu nikamuuliza: basi huyo wa mwezi wa pili mnambatiza? Akasema aliyekufa habatizwi. Anakabidhiwa kwa huruma ya Mungu, na kama wazazi walikusudia abatizwe, askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya kanisa. Kwa hiyo hata kwao, wenye mstari mmoja ulionyooka kuliko wote, kuna mstari wa ubatizo na kuna wa mazishi.

Ninalosema ni hili, Mhariri. Kila mstari ulichorwa kwa kazi yake. Wa swala ni wa swala, wa mirathi ni wa mirathi, wa jela ni wa jela. Mnaobishana mnataka mmoja ule mingine yote, na wakati mnabishana, mmoja umeshaanza kuila.

Hospitalini wiki 28 ndizo zinazotenganisha. Aliyetoka bila uhai baada ya hapo anaandikwa mtoto mfu, kabla ya hapo inaandikwa mimba iliyoharibika. Kwa takwimu sina neno. Shirika la Afya Duniani nalo hutumia wiki hizo kulinganisha nchi na nchi. Ubaya unaingia pale safu ya daftari inapoamua nani atarudi nyumbani na khanga yenye mtu na nani atarudi na khanga tupu. Kuna binti alipoteza mimba ya wiki 22 kwenye kituo ambacho sitakitaja. Mama mkwe alikuwa ameshakuja kwangu na bafta, imeshakatwa. Alipokwenda kumchukua mjukuu aliambiwa imeshashughulikiwa. Wapi? Shimo la kondo, nyuma ya wodi. Muuguzi hakuwa mkatili, alikuwa na wazazi wengine wakimwita kila upande. Kwake chini ya 28 hakukuwa na mtu wa kuulizia. Katika dini ya yule binti huyo alipaswa kuoshwa, na hiyo ni faradhi juu yetu sote. Katika imani ya jirani yangu wa Kasulu huyo ni binadamu tangu miezi mitano iliyopita. Wote wawili, wenye 120 na wenye siku ya kwanza, walishindwa siku ile kwa mstari uliowekwa kwa ajili ya mashitaka na hesabu.

Juma lililofuata binti alikuwa uani anakamua mawese. Angezaa hai, hata mtoto angekufa kesho yake, angekaa arubaini, angekandwa kwa maji ya moto, angepikiwa uji wa pilipili manga. Angekuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ingempa siku 84, na mtoto akifa kabla ya mwaka angeweza kupata 84 nyingine. Yeye aliambiwa "si ilikuwa damu tu?" Aliyemwambia hivyo ni mume wake, mtu wa swala tano. Nilimwita nikamwambia akafungue vitabu vyake. Fikihi ya Kishafi inasema mwanamke akitoa hata pande la nyama, wakunga waulizwe. Wakisema hilo lilikuwa asili ya mtu, damu inayofuata ni nifasi, damu ya uzazi. Wakishuhudia humo mna umbo la mtu, hata lililojificha wasiloliona wengine, na mama ni mjane au ameachwa, eda yake, ule muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, imekwisha. Wanazuoni wale, wanaume watupu, waliweka kalamu chini wakasema waulizeni wanawake. Sisi wa leo wenye ultrasaundi tunamwambia ilikuwa damu tu.

Na kabla hamjaniandikia kwamba natetea utoaji mimba: sitetei. Imam Ghazali amenitosha. Ila nimewaosha pia wasichana waliokufa kwa vijiti na madawa ya kuchemsha, na katika barua zenu zote sikuona sentensi moja juu yao. Mwenzetu mmoja ameandika kwamba uhai ukianza mapema, daktari amefungwa mikono hata mama akiwa anakufa. Si kweli. Kanuni ya Adhabu inamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa ustadi ili kuokoa maisha ya mama. Mambo ya namna hii msiandike kwa kukisia, kuna wanaosoma gazeti hili wakiwa na mgonjwa ndani.

Ninaloomba halihitaji Bunge. Muuguzi amuulize mama, au aliyemsindikiza: mnamchukua? Wakisema ndiyo, awape kwenye kitambaa safi, awe wa wiki 12 au 27. Wakisema hapana wasilaumiwe. Wapo ambao hawataki kuona, na wapo waliopoteza mapema kabla ya kuwa na cha kuona, na hao ni wengi kuliko tunavyojua kwa sababu mimba nyingi hutoka mama mwenyewe hajatambua. Lakini swali liulizwe. Wasimamizi wa makaburi, ya kwetu na ya Wakristo, watenge pembe kwa ajili yao, kwa sababu nimeona baba akizunguka na mzigo wake akiambiwa hapa ni pa wenye kibali cha mazishi. Bafta ya kiumbe kama huyo haifiki yadi moja. Kina mama wa msikiti wetu tumekubaliana kuikata na kuipeleka wodini wenyewe, pamoja na pamba, kwa mama wa dini yoyote. Tunachongoja ni mganga mkuu mmoja wa kusema leteni.

La mwisho ni kwa yule msomaji wa Urambo aliyeuliza katika mistari miwili tu, chini kabisa ya ukurasa, kama mtoto wake aliyetoka kimya kwa miezi mitano anaweza kupewa jina, na hakuna aliyemjibu. Mpe, baba. Kwa madhehebu yetu inapendeza. Kama hukuambiwa ni wa kike au wa kiume, chagua linalofaa wote wawili: vitabu vinataja Talha, mimi ningesema Riziki.

Mwosha,
Kasingirima, Ujiji, Kigoma.
(Jina langu mhariri analo.)